Sikio la Mteja

Yule mwanamke kazi yake ilikuwa kupiga simu. Alikuwa muuguzi, tena wa miaka kumi na tisa kazini, lakini tangu kitengo cha moyo kianze kuwawekea wazee vali kwa mrija, alihamishiwa kwenye chumba kidogo kando ya stoo ya mashuka, akapewa simu, daftari kubwa la jalada gumu na orodha ya wagonjwa. Wenzake wakambandika jina, Mama Simu. Hakununa. Kuna waliobandikwa mabaya zaidi.

Wagonjwa wake wote walikuwa watu wazima sana. Vali kuu ya moyo, ile inayopitisha damu kwenda mwilini, ilikuwa imekakamaa kwa umri mpaka ngazi tatu zikawa mlima kwao. Zamani dawa yake ilikuwa moja tu, kupasuliwa kifua. Sasa daktari alipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena, akausogeza taratibu mpaka moyoni, akaifungulia vali mpya ndani ya ile kuukuu, na mzee akarudi kwake kesho yake akiwa na kidonda kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Watu waliita muujiza. Mama Simu naye, miezi ya mwanzo, aliita hivyohivyo.

Lakini yeye alilipwa ili ajue muujiza ukishapita kunatokea nini. Aliwapigia siku ya pili, siku ya sita, siku ya thelathini, na mwaka ukitimia. Aliuliza pumzi, kizunguzungu, damu kuvuja kinenani, homa, miguu kuvimba, mkono au mdomo kulegea. Akiisha kuuliza, aliandika.

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Watu wetu ukiwauliza hujambo watakuambia sijambo, hata paa likiwa linaungua. Watasema salama kwanza, nzuri kwanza, njema kwanza, halafu, ukiwa na subira, ndipo itajitokeza ile "ila". Ila mguu. Ila jana. Ila tangu juzi. Simu ya hospitali haikuwa na subira ya kuingoja "ila", maana orodha ilikuwa ndefu.

Miezi minne nyuma alimpigia mama mmoja, mwalimu mstaafu. Mwalimu akamjibu kwa sauti ya darasani, "Sijambo mwanangu, nashukuru sana," naye akaandika hajambo, akageuza ukurasa. Siku mbili baadaye Mwalimu akaletwa na kiharusi, mkono wa kulia umekufa, maneno yamepotea. Binti yake alieleza wodini, bila kumlaumu mtu, kwamba asubuhi ile ya simu kijiko kilimdondoka mama mara mbili. Daktari alisema donge la damu halitumi barua, linaweza kuja saa yoyote. Pengine ni kweli. Lakini tangu siku hiyo Mama Simu akawa hatulii. Akikata simu anaitazama. Akifika nyumbani anasimama jikoni na sufuria mkononi asikumbuke alitaka kupika nini.

Sasa, Alhamisi moja asubuhi, akampigia mgonjwa wa tisini na saba. Huyu alikuwa kinyozi, umri wake miaka sabini na minane, na hiyo ilikuwa siku yake ya sita tangu awekewe vali. Daktari alitaka daftari lifike mezani kwake saa nane mchana, kwa kuwa Jumamosi angesimama mbele ya madaktari wenzake kueleza hali za wagonjwa wake mia wa kwanza.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Shikamoo mzee. Ni nesi, wa kitengo cha moyo."

"Marahaba binti yangu. Hujambo?"

"Sijambo mzee, ila mimi ndiye ninayetakiwa kukuuliza wewe."

"Basi nimekuwahi." Akacheka. Nyuma ya kicheko kulikuwa na mvumo, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

"Pumzi zinaendaje?"

"Pumzi ninazo mpaka nagawa. Leo asubuhi nimepanda ngazi za jirani bila sababu yoyote, nimwone tu atakavyotoa macho."

"Na kizunguzungu?"

"Hicho waachie wenye mimba."

Hapo sauti ya mwanamke ikapenya kutoka mbali kidogo. "Mzee wangu, mwambie nesi habari ya sikio!"

"Sikio gani, wewe mama? Sikio lenyewe si langu!"

"Mzee, sikio la nani?" Mama Simu akauliza.

"Ni redio hiyo."

"Redio imekuita mzee wangu?"

"Redio za siku hizi zina adabu. Haya binti, andika hajambo, Mungu akuzidishie." Simu ikakatwa.

Mama Simu akabaki na kalamu hewani. Akaandika kwamba pumzi ni nzuri. Kwenye kizunguzungu hakuandika kitu. Pembeni, kwa penseli, akaandika neno sikio na alama ya kuuliza, akajiona kama mtoto anayeandika ukutani.

Sikio na vali havijuani kabisa, alijua hivyo. Akatoa faili la Kinyozi. Ndani kulikuwa na karatasi mbili za umeme wa moyo, moja ya kabla ya vali, moja ya siku aliyoruhusiwa. Akaziweka sambamba chini ya taa. Kwenye ya kwanza mapigo yalikuwa membamba, yamesimama kama vijiti vya kiberiti. Kwenye ya pili yalikuwa yamenenepa. Si sana. Daktari alikuwa ameliona hilo, akamzuia Kinyozi wodini siku moja zaidi, na kwa kuwa karatasi haikubadilika tena, akamruhusu. Ndivyo ilivyokuwa desturi, na wengi wa namna hiyo walirudi kwao wakaishi salama.

Akamfuata daktari. Alimkuta nje ya chumba cha mrija, bado amevaa lile koti zito la kuzuia mionzi, anakunywa maji kwa haraka kabla ya mgonjwa mwingine.

"Daktari, yule Kinyozi. Mkewe amesema kuna habari ya sikio."

"Linauma?"

"Anasema sikio si lake."

Daktari akamtazama kama mtu aliyeulizwa fumbo wakati ana njaa. "Nesi, sikio halihusiani na vali."

"Ndiyo maana linanisumbua."

"Kizunguzungu je?"

"Amekataa. Lakini amekataa kwa mzaha."

"Mwambie aje kliniki kesho asubuhi, tutampima tena. Na daftari?"

"Saa nane, daktari."

Akarudi, akapiga. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, safari hii haikupatikana kabisa. Akapiga kwa mgonjwa mwingine, akaandika majibu, akagundua ameyaandika kwenye mstari wa Kinyozi, akayafuta. Akasimama. Akaketi. Akanywa maji asiyoyataka. Ule mvumo wa nyuki ulimrudia kichwani, na safari hii akautambua. Haikuwa feni wala redio. Ilikuwa mashine ya kunyolea. Mzee aliyeagizwa kupumzika wiki mbili alikuwa kazini, na sikio lisilo lake lilikuwa la mteja.

Alimwandikia daktari kikaratasi, akakiacha kwenye chumba cha mrija. Akaenda stoo kuomba ile mashine ndogo ya kupimia umeme wa moyo, inayobebwa kwenye mkoba.

"Unahama nayo?" akauliza mtunza stoo.

"Naenda kunyolewa," akamjibu, akasaini.

Kinyozi hakuwa mtu wa kutafutwa. Mtaa mzima ulikuwa umepita mikononi mwake, na kila aliyeulizwa alielekeza kwa kidevu. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, na pazia la maua ndilo lililotenga wateja na familia. Kulikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kimoja hakina mkono, na kioo kirefu chenye ufa uliozibwa kwa utepe mweupe. Brashi zilisimama kwenye gilasi, wembe ukaning'inia karibu na ukanda wa ngozi wa kunolea. Sakafuni nywele za asubuhi nzima zilikuwa zimesogezwa pembeni kama paka aliyelala.

Mwenyewe alikuwa amesimama, mrefu, mwembamba, aproni nyeupe imefungwa hadi shingoni. Alipomwona akafungua mikono. "Eh! Simu imeota miguu!"

"Simu yako haipatikani, mzee."

"Nimeizima. Inanipigia sana wanawake wa hospitali."

Kabla Mama Simu hajajibu, pazia likasogea na mkono ukamwita. Alikuwa mke wa Kinyozi, mwanamke mfupi wa kuongea kwa sauti ya chini, na alimvuta mpaka kwenye ukuta wa ndani.

"Afadhali umekuja, mwanangu. Juzi alikuwa anamnyoa fundi cherehani. Mkono ukasimama sikioni. Macho yamefunguka, lakini mwenyewe hayupo, kama mtu aliyeitwa kwa mbali. Wembe ukateleza. Damu, mwanangu, maana na vile vidonge mlivyompa haikatiki upesi! Aliporudi akamgombeza fundi kwamba ametikisika. Na siku ya kabla yake alitua kikombe cha chai hewani."

"Hewani?"

"Hewani, meza iko huku, yeye ametua kule. Nikamwambia, akasema ni uzee. Uzee gani unaomjia mtu kwa dakika, kisha unamwacha?"

Mama Simu akatoka na mkoba wake. Kinyozi alikubali kupimwa, kwa sharti kwamba iwe kabla mteja wake hajakauka povu. Alilala kwenye benchi la kungojea, akafungua vifungo vya shati, akawekewa nyaya. Mteja, dereva wa teksi mwenye shingo nene, alikuwa amelazwa kitini, mashavu meupe kwa sabuni, anatazama kwa jicho moja.

Karatasi ikatoka. Mapigo sitini na sita kwa dakika. Manene, kama yalivyokuwa, lakini kila moja mahali pake, hakuna lililoruka. Akapima mara ya pili. Vilevile.

"Sema basi," Kinyozi akasema huku anafunga vifungo. "Kinyozi hajinyoi, lakini anajijua."

"Mzee, juzi ulimkata mtu sikio."

"Ametikisika yule. Fundi cherehani hatulii, amezoea kukanyaga."

"Na kikombe?"

Akalitupia pazia jicho. "Mke wangu angekuwa polisi tusingekuwa na wezi mji huu."

Mama Simu akahisi uso unawaka. Karatasi ilikuwa mkononi, nzuri, haina neno. Mezani kwake daftari lilikuwa linangoja na saa zinakwenda. Aliona jinsi atakavyomweleza daktari, na jinsi daktari atakavyonyamaza kwa upole, jambo ambalo ni baya kuliko kugombezwa. Akamwomba mzee aje kliniki kesho. Mzee akasema atakuja, kwa ule upesi wa mtu anayetaka uondoke. Mama Simu akaanza kukunja nyaya, moja, ya pili, kisha akaikunjua ile ya kwanza akaikunja upya. Miguu yake haikutaka kwenda, naye hakuwa na sababu ya kuiambia ibaki.

Kinyozi akauchukua wembe, akakivuta kidevu cha dereva kwa vidole viwili, akaanza kazi na hadithi kwa pamoja.

"Basi yule bwana ana upara, upara hasa, inzi akitua anateleza. Ananikalia hapohapo ulipokalia wewe. Ananiambia, kinyozi, mimi nataka unichane, unipitishie njia hapa pembeni. Nikamtazama. Nikamwambia, bwana mkubwa, wewe kichwani huna njia, wewe una..."

Akanyamaza.

Mama Simu alikuwa ameinamia mkoba. Alichosikia ni ule ukimya. Mtu wa namna ile hakati hadithi mahali pale. Akainua macho kwenye kioo, akaiona midomo ya mzee imegeuka rangi ya majivu, na wembe umesimama chini ya taya la dereva, haupandi, haushuki.

Hakukumbuka baadaye alivyovuka chumba. Alikumbuka tu kifundo cha mkono wa mzee ndani ya kiganja chake, akiusukuma wembe nje, mbali na ile shingo, mpaka ukaanguka ukalia sakafuni. Kisha uzito wote ukamjia. Wakaenda chini pamoja, juu ya nywele za watu. Dereva akaruka kitini huku anapiga kelele.

Vidole shingoni. Hakuna. Akavisogeza. Hakuna.

"Mama!" akaita, naye tayari ameweka viganja katikati ya kifua cha mzee, anakandamiza kwa nguvu, anahesabu kwa sauti kama mtu anayegombana. Moja, mbili, tatu. Mke wa Kinyozi alitokea akapiga magoti upande wa pili, hakulia, hakuuliza, alimshika tu mumewe miguu kana kwamba atakimbia. Tisa, kumi, kumi na moja. Ya kumi na nne alisikia kitu kikigonga chini ya kiganja, kikagonga tena, na uso wa mzee, uliokuwa majivu, ukaiva ghafla kama wa mtu aliyetoka kwenye moto.

Kinyozi akafumbua macho akaitazama dari.

"...uwanja wa ndege," akasema.

Hakuna aliyecheka. Akageuza kichwa. Kipande cha nywele za mtu kilikuwa kimemganda shavuni. "Kwa nini mmenilaza chini?"

"Umezimia, mzee," Mama Simu akasema. "Moyo wako ulisimama."

"Mimi? Nilikuwa naongea."

"Ulikuwa unaongea, ukaacha."

"Nilipumzika kidogo kwenye neno." Akajaribu kuinuka. "Dereva, rudi kitini, upande mmoja bado."

Hapo ndipo mkewe alipoinuka. Alikwenda mlangoni, akashusha kibao cha duka, akaokota wembe akaufunga kwenye kitambaa, akautia kifuani mwake. "Sikio la kufa halisikii dawa," akasema, na sauti yake bado ilikuwa ya chini. "Miaka hamsini nakusikia wewe. Leo utanisikia mimi. Dereva, gari liko wapi?"

"Nje, mama."

"Tunakwenda."

Ndivyo walivyokwenda, dereva akishika usukani huku nusu ya uso imenyolewa na nusu ina povu linalokauka. Mama Simu alikaa nyuma na Kinyozi, vidole vyake havikubanduka kwenye mshipa wa mkono. Kila mapigo yalipochelewa kidogo na yeye pumzi yake ilichelewa. Kwenye mzunguko wa barabara yakapotea tena. Akahesabu, moja, mbili, akajiandaa kumlaza kitini, sita, saba, yakarudi. Kinyozi akapepesa macho, akatazama dirishani.

"Tumeupita lini mzunguko?" akauliza, na safari hii hakuweka mzaha.

Mke wake, aliyekaa mbele, hakugeuka. Aliupitisha mkono nyuma kati ya viti, naye akaushika.

Daktari aliwapokea mlangoni, kile kikaratasi bado kiko mfukoni mwa koti lake. Wakamfunga Kinyozi kwenye mashine yenye kioo, na nusu saa haikuisha kabla ya mstari wa mapigo kunyooka mbele ya macho ya wote, sekunde sita, mtupu kama uzi wa kuanikia nguo. Daktari alimweleza bila kuzunguka. Vali mpya imekaa jirani na njia ambayo umeme wa moyo hupitia. Pakivimba, njia hubanwa. Kwa wengine hubanwa palepale mezani, ikajulikana. Kwa wachache huziba siku kadhaa baadaye, mtu yuko kwake. Inaziba, inazibuka, mpaka siku inapoziba moja kwa moja.

"Kwa hiyo kama ningesema kweli kwenye simu..." Kinyozi akaanza.

"Tungekuita mapema," daktari akasema. "Na mimi ningekuzuia siku mbili zaidi, nisingekuruhusu. Tumekosea wawili, mzee."

Alipitishiwa waya wa muda kupitia shingoni ili moyo usisimame tena, na asubuhi yake akawekewa betri ya kuupigisha moyo chini ya mtulinga wa kushoto. Kabla hajachukuliwa aliuliza swali moja tu, kama mashine ya kunyolea itagombana na betri. Akaambiwa ni sawa, mradi asiilaze kifuani. "Sina nywele za kifua," akasema, wakamsukuma ndani.

Daftari lilifika kwa daktari jioni badala ya saa nane, na hakulifuata mtu mwingine, alilifuata mwenyewe kwenye kile chumba kando ya stoo. Akaketi juu ya mzigo wa mashuka. Akageuza mpaka mstari wa tisini na saba, akaliona neno sikio kwa penseli.

"Ulijuaje?"

"Sikujua. Mkewe ndiye aliyejua."

Daktari akachukua kalamu yake mwenyewe, akaandika kwenye safu ya matatizo: moyo kusimama nyumbani, siku ya sita, betri kesho. Kisha akabadilisha hesabu ya chini, tisa ikawa kumi. "Wangapi wamekuambia hawajambo?"

"Wengi."

"Ndicho ninachokiogopa," akasema, akatoka.

Jumamosi, walisimulia waliokuwapo, alizisoma hesabu zote bila kuzipamba, na alipofika kwa yule wa kumi alisema, huyu nilimruhusu mimi, na ameokolewa na mkewe na muuguzi wangu. Daktari mmoja mzee alimuuliza kama ana njia ya kuwatambua wengine kabla. Akajibu kwamba ameanza kuwarudisha nyumbani na kifaa kidogo cha kurekodi mapigo, wale ambao karatasi yao imenenepa, na kwamba bado hajui kama inatosha.

Mama Simu naye alipiga mstari wa rula, akaongeza safu kwenye daftari: Anayeishi naye anasemaje? Akaanza upya, kutoka mgonjwa wa kwanza. Ilimchukua siku nane. Wengi walikuwa wazima kweli, na baadhi waligomba kwa kusumbuliwa. Mzee mmoja alikuwa ameacha vidonge vyake tangu mwezi uliopita na mkwewe ndiye aliyemchongea. Mama mwingine, mjukuu alisema, analala ameketi kwa sababu akilala chini anakosa hewa. Akaitwa, akapimwa, ikaonekana vali yake inavuja pembeni. Mama Simu alifurahi kumpata, na siku hiyohiyo akaudhika kwa kumpata, kwani ilimaanisha wapo wengine.

Siku ya thelathini tangu awekewe betri, Kinyozi alikuja kliniki kwa miguu, na malalamiko. Alikuwa amekatazwa kuinua mkono wa kushoto juu ya bega kwa wiki sita.

"Kichwa cha mtu kiko juu, binti yangu. Nikinyoa kwa mkono mmoja kama navuna mtama, nani atarudi? Vijana wa ng'ambo ya barabara wamechukua wateja wangu wote. Sasa nafagia. Mimi! Nakaa naangalia viti."

"Pumzi?"

"Pumzi zipo. Za nini?"

"Kizunguzungu?"

Akafikiri. Alifikiri kwa dhati, uso umekunjamana. "Hapana. Tangu siku ile, hapana. Ila usiku begani kunavuta, na mguu wa kushoto asubuhi umevimba kidogo, unaisha nikitembea."

Mama Simu akaandika yote. Akaandika pia kwamba ana hasira, akaiacha ibaki hapo, ingawa hakukuwa na safu yake. Kinyozi akaitwa kwenda kupimwa betri. Mkewe akabaki kwenye kiti, mkoba mapajani.

"Na wewe mama, unamwonaje?"

"Mzima. Anakula, anagomba, ananifundisha kupika." Akanyoosha kamba ya mkoba. "Mimi ndiye silali."

"Kwa nini?"

"Namsikiliza. Akinyamaza namwekea mkono kifuani. Juzi nimemwamsha mara nne, akasema moyo umemsamehe lakini mimi nitamuua kwa kumnyima usingizi. Najua betri ipo. Nimeigusa, ngumu kama kipande cha sabuni kilichobaki. Kichwa changu kinajua. Mkono wangu haujui." Akamtazama kwa mara ya kwanza tangu wakae. "Nyinyi mnampigia yeye. Siku ya pili, siku ya sita, sijui mwaka. Mimi atanipigia nani?"

Mama Simu alikuwa na majibu ya kumpa. Angemwambia itapita, wengi huwa hivyo. Mlangoni mgonjwa mwingine alikuwa amekwisha kuchungulia. Akaufungua ukurasa wa mwisho wa daftari, mtupu.

"Nipe namba yako mwenyewe. Si ya nyumbani."

Yule mama akaitaja polepole, tarakimu mojamoja.

"Nikupigie siku gani?"

"Jumatatu. Saa nne, anakwenda kuwachungulia wale vijana wa ng'ambo. Nitakuwa peke yangu."

Jumatatu saa nne akampigia. Waliongea dakika ishirini, na orodha ikalala. Jumatatu ya pili vilevile. Ya tatu, mke wa Kinyozi alisema kwamba usiku wa Ijumaa alilala mpaka kukapambazuka, mara hiyo moja tu, na kwamba alipoamka alishtuka kuukuta mkono wake uko juu ya mto wake mwenyewe.